Mbio ya Hamsini

Kiangazi kilichopita, Jumamosi moja, nilikuwa nimempeleka mpwa wangu kazini ghalani kule Shakopee, narudi zangu nyumbani Apple Valley, hapa Marekani, nikasikia mlio. To! Kikafuata kimya kidogo, halafu watu wakapiga kelele. Rafiki yangu, mlio ule nisingeukosea hata ningekuwa usingizini. Nikakata kona, nikaegesha gari kwenye majani ya watu, nikashuka na kandambili zangu.

Vijana walikuwa wanacheza kriketi. Vijana wa Kihindi wa maofisi ya Eden Prairie, wasafi, fulana za rangi na majina mgongoni. Nikasimama kwenye uzio. Mara mpira ukampiga mpigaji pajani, ukateleza nyuma, wakakimbia mbio moja. Refa akanyanyua goti, akaligusa kwa kiganja. Na mimi pale uzioni, mtu mzima na funguo za gari, mkono wangu ukainuka juu wenyewe. Hakuna mwingine aliyeinua. Nikatafuta meza ya mwandishi wa mbio, sikuiona. Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akanionyesha simu: mbio zote zinaingizwa humo, simu inajumlisha.

"Na anayemjibu refa ni nani?" nikamwuliza.

Hakunielewa. Akacheka kwa adabu, kama unavyomcheka mama wa rafiki yako. Basi acha nikueleze wewe.

Miaka ya tisini tulikaa Saint Paul, ghorofa ya pili ya jengo la matofali lililonuka kabichi ya jirani wa chini na vitunguu vya mama. Baba alikuwa mpimaji wa maji. Mama alitunza wazee kwenye nyumba yao, akirudi miguu imevimba. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: Kiingereza kivue mlangoni pamoja na viatu. Ukijisahau ukamjibu mama kwa Kiingereza, alikuwa anageuka kuangalia nyuma yake, eti anamtafuta huyo Mzungu aliyeingia. Ndiyo maana mpaka leo naweza kukusimulia haya kwa lugha yangu, shukrani zimwendee yeye na ukali wake.

Baba alikuwa mtoto wa mkata majani. Babu alitunza uwanja wa klabu ya Wahindi pale Tanga, na baba alikua hapo, akiokota mipira iliyopotelea michongomani, mpaka siku wakapungukiwa mtu wakamwambia hebu simama wewe. Akasimama, na hakukaa tena. Baadaye akapata nafasi ya kusomea mambo ya maji Uingereza, na huko ndiko alikochezea kaunti, yaani timu ya mkoa.

Usishtuke, haikuwa kaunti ya maana. Kule, kwa jinsi alivyonieleza, kuna kaunti kubwa, wachezaji wake wanalipwa na kuandikwa magazetini, na kuna kaunti ndogo. Mchezaji wa kaunti ndogo ni mwalimu, ni karani wa posta, ni mwuza nyama anayeomba ruhusa siku mbili akacheze. Baba aliingizwa kwa sababu mwuza nyama alijikata kidole. Akacheza viangazi viwili. Mara nyingi walimpanga mwishoni mwishoni kwenye kupiga, na kwenye kudaka walimpeleka mbali kabisa, karibu na uzio, ambako ng'ombe walikuwa wakimtazama. Viangazi viwili, basi, akamaliza masomo, akaja Marekani. Ila ungemsikia akisema "nilipokuwa nachezea kaunti," ungedhani alistaafu jeshini na nishani.

Na alikuwa na dukuduku lake moja. Kila mwaka theluji ilipoanza kuyeyuka, alitoa kile kibao cha kupigia mpira chini ya kitanda, akatandika gazeti sakafuni, akakipaka mafuta ya kitani kwa kitambaa. Chumba kizima kilinuka mbao na mafuta. Mimi nilikaa nikishika mpini, na baba alianza: "Siku ile nilikuwa nimefika arobaini na tisa."

Kwanza ujue kwamba kwenye kriketi ukipiga mpira kwa kibao mkakimbia, wewe na mwenzako mkabadilishana upande, hiyo mbio ni yako, inaandikwa kwenye jina lako. Lakini mpira ukikupiga mguuni mkakimbia, mbio ni ya timu tu, wewe huna chako. Na mtu akifikisha hamsini zake, mchezo unasimama kidogo, wote wanapiga makofi, hata maadui, naye ananyanyua kibao juu. Hamsini ni heshima. Baba alikuwa hajawahi kuifikisha tangu azaliwe.

Siku ile ya Uingereza, alisema, akiwa na arobaini na tisa, mpira uligusa ukingo wa kibao, kidogo tu, ukampiga pajani, wakakimbia. Hamsini hiyo! Lakini refa alikuwa kizee mwenye miwani minene, akaona paja, hakuona kibao. Akagusa goti lake. Mwandishi akaandika mguu. Kabla baba hajapata mpira mwingine wenzake wote wakatolewa, mchezo ukafungwa. Alikuwa na kikaratasi cha kaunti, amekiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa, jina lake na namba mbele yake: 49. "Nimeibiwa, mwanangu," alikuwa akisema akisugua mbao. "Mchana kweupe. Hamsini yangu."

Nami nilikuwa naumia, sikufichi. Watoto wengine wanachukia shule, wanachukia mboga. Mimi nilimchukia kizee wa Kiingereza ambaye labda alishakufa kabla sijazaliwa.

Timu ya baba pale kwetu ilikuwa mchanganyiko wa watu waliokosa kwao: Wapakistani, Wahindi, Mjamaika mmoja mrefu, na Mguyana mnene aliyekuwa refa na mpishi kwa pamoja. Uwanja ulikuwa bustani karibu na ziwa. Katikati walitandika zulia la kijani la nyuzi ngumu, wakalipigilia misumari mirefu, na kabla ya zulia ilibidi tufagie mavi ya bata bukini. Jamani, bata wale! Wanakunya kama wamelipwa. Kila Jumamosi asubuhi mimi na watoto wa Wapakistani tulikuwa na mafagio, na mama kwa mbali akiuliza ni akili gani hii, watu wazima wavae nguo nyeupe wakajitupe kwenye majani na mavi. Maana aliyezifua ni yeye. Aliziloweka kwenye beseni la kuogea tangu Jumapili mpaka Jumanne, akizipikicha magotini, akisonya.

Jirani yetu, mama wa Kikenya aliyefanya kazi pamoja na mama, alikuja kila Jumamosi kwa ajili ya chakula. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunjwa, kitambaa kichwani, akipiga mbu. "Shemeji," alimwambia baba, "mimi nime-drive hapa toka asubuhi, hii game ina-end lini? Ama ni mpaka winter?" Baba alimjibu kwamba kriketi haina haraka, ni kama pilau. Na pilau lenyewe lilikuwepo, la mama, kwenye sinia la karatasi ya fedha, na mchuzi wa Mguyana wenye pilipili ya kukutoa kamasi, na chai ya maziwa kwenye chupa. Wakati wa chai Wapakistani na baba walisali alasiri nyuma ya meza yangu, pedi za kukinga mpira bado miguuni, wakirukuu kwa tabu.

Naam, meza yangu. Mimi nilikuwa mwandishi wa mbio. Nilianza nikiwa na miaka tisa kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuchoka kukaa. Kila timu ilipaswa kuwa na mwandishi wake, lakini nani angepoteza mtu? Basi timu zote mbili ziliniamini mimi, na penseli yangu, na daftari refu lenye mistari. Kazi ina adabu yake. Refa akionyesha ishara, mikono yote miwili juu, au mkono mmoja pembeni, au kugusa goti, hasogei. Anamtazama mwandishi. Mwandishi anainua mkono juu kabisa, maana yake: nimeona, nimeandika ulichosema. Ndipo mchezo unaendelea. Hebu fikiria, mtoto wa kike wa Tanga, soksi moja imeshuka, wanaume ishirini na zaidi wamesimama uwanjani wanangoja mkono wake. Sijawahi kuwa na cheo kama kile tena, na nimekuwa na vyeo.

Mwaka nilipotimiza kumi, daktari alimwambia baba goti lake limekwisha. Acheze kiangazi hicho, basi, halafu atundike kibao. Tulipofika nyumbani baba alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kufulia kule chini ya jengo, ambako alikuwa amening'iniza mpira ndani ya soksi kwenye bomba, akaupiga mpaka jirani wa kabichi akagonga ukuta. Usiku, wakati wa chakula, alimwambia mama, "Nataka hamsini moja tu. Moja, nipumzike."

"Mola akupe," mama alisema, "na mimi nipumzike."

Wiki zikapita. Ishirini. Kumi na moja. Sifuri. Thelathini na mbili. Kila Jumamosi kwenye gari nilihesabu michezo iliyobaki kwa vidole, na vidole vikawa vinapungua. Kabla ya kulala nilikuwa naomba dua, nikitaja namba kabisa ili kusiwe na makosa.

Ukabaki mchezo mmoja. Majani ya mwanzo yalikuwa yameshaanza kuwa manjano na bata walikuwa wanajipanga kuhama. Baba alipiga siku hiyo kama mtu aliyesahau kwamba ana goti. Mpira ulikuwa unakwenda mpaka majini. Nilikuwa nikiandika mbio zake: thelathini, thelathini na nne, arobaini, arobaini na tano. Mkenya mwenyewe aliacha mbu zake akasimama. Mama alikuwa ameshika kawa la pilau hajui aliweke wapi. Arobaini na nane. Kisha akachomoza mbio moja kwa ujanja, arobaini na tisa, na nilipotangaza, wenzake wote waliokuwa wamelala kwenye majani wakakaa.

Mpira uliofuata kwake ulikuja kwa kasi, ukaruka. Baba akazungusha kibao. Nikasikia sauti, puu, sauti nzito, si ile to. Mpira ukaenda pembeni, wakakimbia, baba akichechemea, akafika. Mguyana, aliyekuwa refa, akanyanyua goti lake kwa tabu, akaligusa. Akanitazama.

Niliona, rafiki yangu. Nisikudanganye, niliona vizuri kabisa. Nikainua mkono juu. Na kwa mkono wa pili nikaandika moja kwenye jina la baba.

Nikasimama juu ya kiti nikapiga kelele: "Hamsini!"

Ee bwana! Makofi yale. Mjamaika alikuwa anapiga sufuria. Wapinzani wanapiga makofi, Mkenya anapiga vigelegele vya kwao, mama kawa limemponyoka. Mguyana aliangalia huku na huku, nadhani alidhani amekosea hesabu kichwani, naye akapiga makofi. Wote walikuwa wanamwambia baba, nyanyua kibao! Baba hakukinyanyua. Alisimama anajifunga glavu, anafungua, anafunga. Kisha akatazama kwenye meza yangu kwa muda mrefu. Mimi nikampungia.

Mpira wake uliofuata alitolewa. Alidakwa kirahisi, kama mtu anayepiga huku anawaza mengine. Alitembea kurudi polepole, watu wanampiga mabegani, naye akaja moja kwa moja kwangu, akaketi kwenye kiti cha mwandishi wa pili, kile ambacho siku zote kilikuwa kitupu. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye daftari.

Nikashindwa kungoja. Nikamnong'oneza, "Baba, nimekurudishia. Ile aliyokuibia yule kizee."

Akaangalia mstari wake, namba moja moja, kwa kidole.

"Refa alikuonyesha nini?"

"Mguu."

"Na wewe ukainua mkono."

"Ndiyo baba."

Akafungua pedi ya mguu wa kushoto, akakunja suruali juu ya goti. Pajani palikuwa na alama nyekundu, ukubwa wa yai, katikati imeanza kuwa bluu. "Unaiona hii?" akasema. Hakuwa mkali, na afadhali angekuwa mkali. "Kibao hakivimbi, mwanangu. Hii si yangu. Cha mtu mavi."

"Lakini ile ya kule ilikuwa yako!" Nilikuwa nimeanza kulia, mbele ya bata na watu wote.

"Ile ya kule..." baba akasema. Akaitazama ile alama yake, akaigusa kwa kidole gumba, akarudisha suruali chini. Nilingoja amalizie. Hakumalizia. Akanipa kifutio. "Futa. Andika ulichokiona."

Nikafuta. Machozi yaliangukia karatasi, na karatasi ikachubuka pale. Baba mwenyewe akainuka, akaenda akichechemea kwa nahodha wa wale wengine, kisha kwa wetu, kisha kwa Mguyana, akawaambia kila mmoja: ni arobaini na tisa, tulikosea mezani. Alisema tulikosea, hakusema alikosea. Mama aliposikia alisema, "Alaa! Basi si wangekuachia tu, mbio moja itamwua nani?" Na Mkenya akasema hata yeye angeiacha, shemeji amekuwa Msabato wa kriketi. Lakini baba alikula pilau lake, na kiangazi kikaisha, na kibao kikarudi chini ya kitanda.

Theluji ilipoyeyuka mwaka uliofuata, nilitandika gazeti sakafuni mwenyewe. Baba alikipaka kibao mafuta kwa mazoea tu. Nikangoja aanze: siku ile nilikuwa nimefika arobaini na tisa. Hakuanza. Wala mwaka wa pili, wala wa tatu. Mimi nilijua ni kwa sababu yangu. Niliichafua hadithi yake, nikawaza, nimeitia mkono wangu wa uongo, hawezi tena kuisimulia bila kunikumbuka. Nililibeba hilo miaka mingi, mpaka nikawa na watoto wangu, na sikumwambia mtu.

Baba alipougua nilimchukua nikakaa naye hapa Apple Valley. Jioni nilikuwa namkanda miguu kwa mafuta ya nazi, miguu iliyobaki mifupa. Siku moja namkanda juu ya goti la kushoto, pale pale, nikajikuta nimeuliza. "Baba, mbona uliacha kusimulia habari ya yule kizee refa? Ni mimi, sivyo?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na pumzi. "Ni wewe," akasema. "Uliponiambia umenirudishia, nilitaka nikwambie ile ya kule ilikuwa yangu, hii siyo. Ulimi ukakataa. Usingejua kwamba nadanganya, lakini nilikuwa nimekushikisha kifutio."

Akachukua mkono wangu, wenye mafuta, akauweka juu ya paja lake.

"Jioni ile Uingereza nilipokwenda kuoga, alama ilikuwa hapa. Kubwa kama yai. Kibao hakikugusa kitu, mwanangu. Nilijua tangu uwanjani. Yule mzee wa watu aliona sawasawa."

Nililia pale, nikacheka, nikalia tena, naye akawa ananipigapiga kichwani. Miaka ishirini na zaidi mimi namlaani mzee wa watu, na baba anajilaani yeye, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyeumia. Baba alifariki kabla ya theluji. Kile kikaratasi cha kaunti tulikikuta kwenye mfuko wake wa plastiki, na nyuma yake amelibandika lile karatasi langu la daftari, lenye mchubuko. Sikujua lini alilichana.

Ile bustani ya ziwani sasa ni majumba ya kupangisha. Zulia sijui liliishia wapi. Mguyana alihamia Florida kutafuta joto, Mkenya alirudi kwao akajenga, na mama yuko Tanga analalamikia jua. Bata tu ndio wamebaki, wanakunya mbele ya majumba kama zamani. Na mwandishi wa mbio hayupo tena, hakuna mtu wa kuinua mkono kusema nimeona, kwa hiyo sijui siku hizi mtoto anajifunzia wapi kuona aibu ya aina ile.

Yule kijana mwenye simu alikuwa bado ananitazama. Akaniuliza kama kuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kucheza.

"Baba yangu," nikamwambia. "Alichezea kaunti, Uingereza."

Macho yakamtoka. Akaniuliza alipopiga nyingi zaidi alipiga ngapi.

"Arobaini na tisa," nikasema. "Mara mbili."